Kampuni ya Shemeji Yako Huenda Isikufae: Kukata Bima ya Gari Ukiwa Mgeni Marekani

Mgeni anayetua Louisville, Dallas au Minneapolis hachukui muda kugundua kwamba bila gari hakuna kazi. Ghala linaloajiri liko nje ya mji, basi la mwisho linaondoka kabla zamu haijaisha, na jirani anayempa lifti leo kesho ana shughuli zake. Basi huhangaikia leseni, akanunua gari la mtumba, kisha akauliza swali ambalo kila mgeni hulifikia: nikate bima kampuni gani? Jibu hulipata upesi, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya au nje ya kanisa baada ya ibada. Shemeji anamwambia, "Njoo kwenye kampuni yangu, mimi nalipa kidogo tu."

Ushauri huo hutolewa kwa moyo mweupe, na kwa sehemu kubwa haumsaidii. Bei ya bima ya gari Marekani haipangwi kama tulivyozoea. Nairobi au Dar es Salaam, wakala akitaka kukupa bei ya bima kubwa huuliza gari lina thamani gani na linafanya kazi gani, halafu anapiga asilimia yake. Ukitaka thadi pati, bei yake unaijua karibu kabla hujaingia ofisini. Marekani wakala naye ataulizia gari, ila anayempima hasa ni wewe mwenyewe: una umri gani, umeendesha miaka mingapi kwa leseni ya huko, unaishi mtaa upi, umewahi kuwa na bima isiyokatika, nyumbani kwako nani mwingine ana leseni, na katika majimbo mengi hata jinsi unavyolipa madeni yako. Shemeji ana rekodi ya miaka na miaka. Wewe huna hata ya siku moja. Kampuni inayompenda yeye huenda ndiyo itakayokutoza wewe kuliko zote.

Kuna jambo jingine ambalo hata shemeji hajaliona kwenye karatasi zake. Jina kubwa unaloliona kwenye bango la barabarani mara nyingi ni jina la kundi, na ndani yake mna kampuni kadhaa, kila moja na daraja lake la wateja. Yeye yuko kwenye kampuni ya madereva wazoefu. Wewe utaingizwa kwenye kampuni dada inayopokea wageni na vijana, yenye bei nyingine na pengine masharti mengine. Mnabeba nembo moja lakini hamna mkataba mmoja. Jina la kampuni iliyotoa mkataba huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo, na litakufaa baadaye ukitaka kuchunguza sifa zake.

Ongeza juu ya hayo kwamba Marekani haina sheria moja ya bima ya gari. Sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945 iliacha usimamizi wa bima mikononi mwa majimbo, na kila jimbo likajipangia lake. California, kwa kura ya wananchi ya mwaka 1988 inayojulikana kama Proposition 103, inazilazimisha kampuni kutanguliza rekodi ya uendeshaji, maili unazoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu. Huko California, na vilevile Massachusetts na Hawaii, kampuni haziruhusiwi kukupangia bei kwa rekodi yako ya mikopo. Kwa hiyo Mkenya aliyefikia Lowell, Massachusetts, hatateswa na kutokuwa na krediti, huku Mkongomani aliyefikia Lexington, Kentucky, akiumia kwa jambo hilohilo, hata kama wote wawili wana gari la aina moja na leseni za mwezi mmoja. Ndugu aliye jimbo lingine anaweza kukueleza mengi ya maisha, lakini kuhusu kampuni ya bima msikilize kwa sikio moja.

Kabla ya kuulizia bei popote, kaa chini uyatazame maisha yako mwenyewe. Hapa ndipo wageni wengi huharibikiwa, tena bila kudanganya mtu.

Anza na watu. Nyumba ya mgeni Marekani haikai na watu walewale: leo mko watatu, mwezi ujao amekuja binamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, baada ya hapo mdogo wake mkeo. Kampuni inataka kumjua kila mtu wa umri wa kuendesha anayelala chini ya paa lako, hata asiyeligusa gari. Usipomtaja, halafu siku moja akachukua funguo kwenda kununua maziwa na akagonga, kampuni inaweza kudai ada ambayo ungelipa tangu mwanzo, inaweza kubishana nawe juu ya dai, na kwa mikataba fulani ya bei ya chini inaweza kukataa kulipa. Kule kwetu kumwazima mtu gari ni ungwana. Marekani bima hufuata gari kwanza, si dereva; ukimwazima mtu gari umemwazima na bima yako, na ajali yake itaandikwa kwenye historia ya madai yako, ambayo kampuni nyingine zitaisoma kwa miaka. Simwambii mtu awe mchoyo. Ninachosema ni kwamba, ukijua kuwa gari lako litakuwa la ukoo mzima, utafute mkataba unaomlinda mtu yeyote aliyeendesha kwa ruhusa yako, na umuulize wakala waziwazi: mtu asiyeandikwa akiendesha kwa idhini yangu, je, mnalipa kiasi kilekile au mnapunguza? Ipo mikataba inayomshusha dereva kama huyo hadi kiwango cha chini cha sheria. Bei yake ndiyo ile inayosifiwa kwenye WhatsApp.

Kisha tazama kazi. Wageni wengi huanza kwa kusafirisha abiria kupitia Uber au Lyft, au kupeleka vyakula kwa DoorDash, kwa sababu hakuna bosi wa kumbembeleza. Mkataba wa kawaida wa gari binafsi una kifungu kinachoondoa safari za malipo. Maana yake, ukigongana ukiwa na pizza ya mteja kwenye kiti cha nyuma, unaweza kujikuta huna bima ya kutengeneza gari lako. Kampuni hizo za programu za simu zina bima zao, lakini hazikulindi kwa namna moja muda wote. Kipindi ambacho umewasha programu na hujapata abiria ndicho chenye ulinzi hafifu zaidi. Kampuni nyingi za bima huuza nyongeza ya kuziba pengo hilo, na si kila moja inayo katika kila jimbo. Kwa mtu wa kazi hii, swali la nyongeza linatangulia swali la bei. Kampuni isiyokuwa nayo haikufai, basi, hata itoe punguzo gani.

Halafu kuna saa za kazi. Siku hizi karibu kila kampuni kubwa itakupa punguzo ukikubali kuweka programu kwenye simu inayofuatilia uendeshaji wako. Inapima unavyokanyaga breki, mwendo, na saa unazokuwa barabarani. Kwa mwalimu anayerudi nyumbani alasiri ni mpango mzuri. Kwa dada anayehudumia wazee na kutoka zamu saa saba usiku, ni kujitia kitanzi, kwa sababu maili za usiku wa manane huhesabiwa kuwa za hatari, na zipo kampuni ambazo alama mbaya hupandisha ada badala ya kukunyima punguzo tu. Uliza kabla ya kukubali: programu hii inaweza kunipandishia, au inapunguza tu?

Na gari linalala wapi? Anwani ya kulala gari ni sehemu kubwa ya bei, na mtaa mmoja hutofautiana na wa pili kwa sababu ya wizi na ajali. Wapo wanaotumia anwani ya ndugu anayeishi kijijini au jimbo la jirani ili walipe kidogo. Kampuni haitasema neno wakati wa kupokea ada. Itasema siku ya dai, ikiita jambo hilo kwa jina lake, yaani taarifa ya uongo, na mkataba unaweza kufutwa.

Ukishayajua haya, ndipo uamue unataka kinga kiasi gani. Kama ningekuwa na nafasi ya kumshauri mgeni jambo moja tu, ningekaa hapa.

Kila jimbo lina kiwango cha chini cha dhima, yaani fedha ambazo bima yako itawalipa wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali. Huandikwa kwa namba tatu. Kentucky ni 25/50/25: dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, dola 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, dola 25,000 kwa mali. Texas ni 30/60/25. Minnesota ni 30/60/10, ila huko kila gari hubeba pia kinga ya dola 40,000 inayolipa matibabu yako na sehemu ya mshahara uliokosa, bila kuuliza nani alikosea. California ilikaa na 15/30/5 kwa zaidi ya nusu karne, hadi Januari 1, 2025, ilipopandisha kuwa 30/60/15. New Hampshire haimlazimishi dereva wa kawaida kuwa na bima kabisa, ingawa bado inamdai alipe uharibifu aliousababisha.

Viwango hivyo vipo ili upate kuendesha kisheria. Havikuwekwa kwa kufuata gharama za leo. Wastani wa bei ya gari jipya Marekani umekuwa juu ya dola 45,000 kwa miaka kadhaa sasa. Ukiwa na 25/50/25 ukaligonga pikapu la bei hiyo hata lisitengenezeke, kampuni yako italipa dola 25,000 na kukunja jamvi. Dola 20,000 zinazobaki ni zako. Na hapo hakuna aliyeumia. Siku moja ya wodi ya dharura na upasuaji huzimaliza dola 25,000 za majeruhi bila taabu. Wageni wengi hunijibu, "Sina mali, watanishtaki wachukue nini?" Watachukua mshahara wako. Katika majimbo mengi mahakama inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ikatwe kwa miaka, na deni la ajali lisilolipwa linaweza kukusimamishia leseni. Huna mali leo. Ulikuja ili uwe nayo.

Jambo la faraja ni kwamba kupandisha dhima hakugharimu kama watu wanavyodhani, kwa kuwa ajali nyingi ni ndogo na sehemu kubwa ya ada inalipia zile dola za mwanzo. Omba bei tatu kwa wakala mmoja: ya kiwango cha chini, ya 50/100/50, na ya 100/300/100, kisha utazame tofauti ya mwezi. Kwa maoni yangu, 50/100/50 ndiyo sakafu ya mtu mwenye kipato, na anayeweza kufika 100/300/100 asisite.

Kuhusu gari lako mwenyewe, kuna mtego unaowanasa hasa watu wa Afrika Mashariki. Kwetu komprehensivu ni bima kubwa, inabeba yote: umegonga, umegongwa, umeibiwa, limeungua. Marekani komprehensivu ni wizi, moto, mvua ya mawe, mafuriko, kioo kilichopasuka na wanyama. Kugonga gari jingine, mti au ukuta ni bima ya mgongano, inayonunuliwa peke yake. Ukimgonga kulungu, jambo la kawaida kabisa Minnesota na Kentucky msimu wa vuli, inalipa komprehensivu. Ukimkwepa kulungu ukaingia kwenye mti, inalipa ya mgongano, na usipokuwa nayo hulipwi kitu. Wakala akikuambia amekupa "fulu kava", mwombe akuonyeshe kila kinga kwa jina lake kwenye karatasi, kwa sababu maneno hayo hayana maana yoyote kisheria.

Je, unazihitaji hizo mbili? Kama gari limenunuliwa kwa mkopo, benki itakulazimisha, na ukiziacha itakukatia yenyewe bima ya ghali inayoilinda benki peke yake. Kama gari ni lako, piga hesabu. Kila dai lina kiasi unachotangulia kubeba mwenyewe, Wamarekani hukiita didaktibo. Gari la dola 3,000 lenye didaktibo ya dola 1,000 haliwezi kukuletea zaidi ya dola 2,000 hata likisagika. Linganisha na ada ya mwaka ya kinga ya mgongano, utapata jibu bila kumuuliza mtu. Fedha utakayookoa iongeze kwenye dhima.

Usiache kinga dhidi ya dereva asiye na bima. Shirika la utafiti la Insurance Research Council lilikadiria kwamba mwaka 2022 dereva mmoja kati ya saba nchini humo alikuwa barabarani bila bima. Akikugonga mtu wa namna hiyo, unaweza kushinda kesi ukabaki na karatasi. Majimbo kadhaa yanaulazimisha ulinzi huu. Mengine, kama Texas, yanautia kwenye mkataba moja kwa moja isipokuwa wewe ukiukataa kwa maandishi. Hapo ndipo pa kuwa macho. Wakala mwenye haraka atakutumia kurasa thelathini za kutia sahihi kwenye simu, na mojawapo itakuwa ile ya kuukataa. Bei imeshuka, umefurahi, hujui kilichoondoka.

Sasa ndiyo tuje kwenye kampuni. Matangazo yao ya televisheni yanachekesha, lakini yule mjusi wa kampuni ya GEICO hatakuja kukagua gari lako lililopondeka. Unachotafuta ni kampuni inayolipa bila kukuzungusha, na habari hizo zinapatikana. Jumuiya ya wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, hukusanya malalamiko na kutoa kipimo kwa kila kampuni: 1.00 ni kiwango cha kawaida kwa kampuni ya ukubwa huo, 2.00 ni malalamiko maradufu, na 0.50 ni nusu. Tafuta kwa kutumia lile jina la herufi ndogo, chagua bima ya magari binafsi, na utazame miaka mitatu mfululizo badala ya mmoja. Kampuni inayovuka 3.00 kila mwaka imeshajieleza yenyewe, na bei yake haina la kuongeza.

Njia ya pili haijulikani sana, nami naiamini zaidi. Nenda kwenye gereji ya kunyoosha bodi iliyo karibu nawe, siku ambayo hawana foleni, umuulize fundi ni kampuni zipi hulipa vizuri na zipi humgombeza juu ya kila bawaba. Hao wanashughulika na wakaguzi wa madai kila siku, wala hawana kamisheni ya kukuuzia mkataba.

Kufilisika kwa kampuni kusikunyime usingizi sana. Wakenya wanaokumbuka kuanguka kwa kampuni za Blue Shield na United Insurance wana haki ya kuuliza, na jibu ni kwamba kila jimbo la Marekani lina mfuko wa dhamana unaolipa madai ya kampuni iliyofilisika hadi kiwango kilichowekwa na sheria. Uimara wa fedha wa kampuni hupimwa na AM Best. Alama ya A au zaidi inatosha.

Wauzaji wako wa namna tatu. Wako mawakala wa kampuni moja, kama wale wa State Farm. Ziko kampuni zinazouza moja kwa moja kwa simu na mtandao, kama GEICO. Na wako mawakala huru wanaowakilisha kampuni nyingi, wakiwemo wanaouza Auto-Owners au Travelers. Progressive huuza moja kwa moja na pia kupitia mawakala huru. Kwa mgeni, naanza na wakala huru, kwa sababu anaweza kujua ni kampuni ipi kati ya zake isiyomwadhibu mtu wa leseni mpya, na kwa sababu unaweza kurudi ofisini kwake na karatasi mkononi. Katika miji yenye watu wetu wengi wamo mawakala wanaozungumza Kiswahili. Ni neema kubwa siku ya dai, ilimradi lugha moja isikufanye uache kusoma. Baada ya wakala huru, pata bei kwa kampuni mbili zinazouza moja kwa moja. Kama una mwanafamilia wa karibu jeshini, uliza pia kama unastahili USAA, kampuni ya wanajeshi, wa sasa na wa zamani, na familia zao. Kila mmoja mpe kinga zilezile na didaktibo ileile, la sivyo unalinganisha mbuzi na ng'ombe.

Epuka tovuti zinazoahidi bei ishirini kwa dakika mbili kabla hazijakuonyesha hata moja. Nyingi hazina bima. Zinauza namba yako ya simu, nawe utapigiwa hadi uzime simu.

Maswali ya mgeni ni machache lakini yana uzito. La kwanza: mnahesabu miaka ya leseni ya nje? Kampuni nyingine humchukulia mtu aliyeendesha malori Mombasa kwa miaka ishirini kama kijana wa leseni ya wiki jana. Nyingine zitaupokea uzoefu wako ukiuthibitisha. Kabla hujasafiri, au kupitia ndugu aliye nyumbani, omba kampuni yako ya zamani ya bima barua ya Kiingereza yenye nembo yao, inayosema ulikuwa na bima kuanzia lini hadi lini na madai uliyowahi kufanya. Haikubaliki kila mahali, ila pale inapokubaliwa inaweza kushusha ada kwa kiasi cha kuonekana. Waliotoka kambi za wakimbizi hawana wa kumwomba barua hiyo. Kwao swali la pili ndilo muhimu.

Nalo ni hili: bei yangu inakuaje kwa mtu asiye na rekodi ya mikopo? Kutokuwa na rekodi si sawa na kuwa na rekodi mbaya, na kampuni hutofautiana sana katika kulitazama jambo hilo. Kuomba bei hakuharibu alama zako za mikopo, kwa hiyo zunguka bila hofu. La tatu ni namba ya hifadhi ya jamii. Wakala anaweza kukuambia bila namba hiyo haiwezekani. Mara nyingi ni mfumo wa kampuni yake tu, na jirani yake atakukatia kwa leseni au pasipoti. Majimbo kama California, New York na Minnesota hutoa leseni za kawaida bila kujali hali ya uhamiaji, na ziko kampuni zilizozoea wateja hao.

Kwenye makundi yetu ya simu kuna watu wanaouza kadi za bima kwa bei ya kutupa, wakidai wana mtu ndani ya kampuni. Kadi inakuja na nembo nzuri. Wengine hukata mkataba halisi kwa taarifa za uongo, kisha huufuta baada ya malipo ya kwanza na kutia kinachorudishwa mfukoni. Tovuti ya idara ya bima ya jimbo lako inakuonyesha kama wakala ana leseni. Ukishalipa, pigia kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uwasomee namba ya mkataba na kuuliza kama uko hai.

Mikataba mingi ni ya miezi sita, si mwaka, na kila inapofika mwisho bei inaweza kubadilika. Kwa mgeni hili ni jambo jema, kwa sababu kinachobadilika upesi zaidi ni wewe. Miezi sita ya kwanza isiyokatika inakutoa kwenye kundi la wasiowahi kuwa na bima. Mwaka mmoja unakusogeza tena. Na kampuni mpya itauliza pia ulikuwa na dhima kiasi gani, ikimpendelea aliyetoka 50/100 kuliko aliyetoka kwenye kiwango cha chini. Kwa hiyo kampuni ya mwaka wa kwanza usiihesabu kuwa ya kudumu. Wiki tatu kabla ya mkataba kwisha, omba bei upya kwa wote uliowauliza mwanzoni, na ukihama hakikisha mkataba mpya umeanza kazi kabla ya kuufuta wa zamani. Hata pengo fupi linaweza kukurudisha nyuma. Asiye na gari lakini anayeendesha la rafiki mara kwa mara anaweza kununua bima ya dereva asiyemiliki gari. Aghalabu bei yake ni nafuu, inampa dhima yake mwenyewe, na inaanza kumjengea historia mapema.

Pengo huja zaidi kwa uzembe wa malipo kuliko kwa kusudi: kadi ya benki imebadilishwa, barua ya onyo imepelekwa anwani ya zamani. Huja pia wakati wa likizo. Mtu anakwenda nyumbani miezi miwili kuzika au kuoa, anaona haina maana kulipia gari lililosimama, anafuta bima. Usifute. Mpigie wakala umuulize kama unaweza kubaki na komprehensivu pekee kwa kipindi hicho, na jimbo lako linadai nini kwa gari lenye namba. New York, kwa mfano, inataka urudishe namba za gari kabla ya kufuta bima. Ukifanya kinyume, usajili utasimamishwa, na pengo likizidi siku tisini hata leseni yako inaweza kusimamishwa, nawe bado uko Mwanza.